Mgeni Njoo, na Nani Mgonjwa?

Likizo hii ya Agosti methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" imenifuata kila mahali, na kila ilipotokea haikuwa mbali na pesa. Kwanza ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Binti yangu wa pili, mweka hazina wetu asiye na huruma, aliiandika chini ya nambari ya M-Pesa ya kuchangia safari ya pwani. Kisha nikaikuta kwenye mapokezi ya hoteli tuliyofikia, imechongwa kwenye ubao, na chini ya ubao mashine ya kadi. Mwishowe kijana wa burudani akaipaaza kwenye kipaza sauti: wageni tukiagiza vinywaji zaidi, wenyeji watapona zaidi. Watu wakacheka, na mimi pia. Lakini wajukuu wangu walikuwa wakisikiliza, na sipendi wakue wakidhani wahenga walikuwa mawakala wa hoteli.

Maana hiyo mpya ni nyepesi kuieleza: mgeni ni mfuko, kupona ni faida. Siwezi kusema ni uongo mtupu. Mwaka 2020 hoteli za Diani na Bamburi zilipofunga milango kwa sababu ya korona, wapishi, madereva, wauza kachiri na akina mama wa leso walilala njaa, na hakuna aliyehitaji mwanafalsafa kumweleza kwamba mgeni asipokuja mwenyeji huumia. Mzee kama mimi wa Membley, hapa Ruiru, anayekula pensheni hana ruhusa ya kudharau riziki ya mtu. Ninachobisha ni kwamba maana imeishia hapo.

Sikiliza kwanza sauti ya methali yenyewe. Nani anasema "mgeni njoo"? Hakika si mwenyeji, kwa sababu angesema "nipone". Asemaye ni mtu wa tatu, aliye ndani ya nyumba lakini si mwenye amri: mtoto, mke, mdogo wa mwenye nyumba, pengine mtumishi. Huyo ndiye anayemwona mwenyeji kila siku na kujua anaumwa nini. Wafafanuzi wengi husema watoto walimpenda mgeni kwa sababu ya kuku aliyechinjwa. Nimekulia Kiambu, kuku huyo namjua. Lakini namkumbuka zaidi baba, ambaye mgeni akiwepo hakufoka, alimwita mama kwa jina la heshima, na aliuliza habari za shule kana kwamba siku zote huuliza. Sisi tulimwombea mgeni alale. Kuku aliisha usiku uleule. Upole wa baba ulidumu mpaka mgeni afike kituo cha basi, na wakati mwingine siku moja zaidi. Aliyepona ni nani hapo?

Nasema, basi, kwamba mgeni haponyi kwa alichokuja nacho. Huponya kwa kumlazimisha mwenyeji kumjibia mtu asiye wake. Ugonjwa wenyewe ni ule wa kuzoea kutomjibia mtu yeyote, kila mmoja chini ya paa lake akiwa mfalme mdogo mwenye kinyongo.

Nilianza kuuelewa mwaka 1985, mwaka ambao wakulima wa kwetu walikuwa wakizungumza habari za mbuni mpya, Ruiru 11, uliotoka kituo cha utafiti hapa Ruiru. Sehemu kubwa ya ardhi kati ya Kahawa na Ruiru ilikuwa mibuni. Leo ni mageti. Mwaka huo mwalimu mwenzangu aliyekuwa amefundisha kwetu kisha akahamishiwa kwao Mombasa alitualika likizo ya Agosti. Tulipanda gari moshi la usiku, tukaondoka Nairobi saa moja jioni, watoto wamebanwa dirishani tangu Athi River wakitafuta ndovu gizani. Asubuhi tukashuka Mombasa kwenye joto lenye harufu ya chumvi, na mwenyeji wetu akatupokea akiwa na mkokoteni wa kuchukulia mizigo, akatupeleka Kisauni.

Bahari ya Agosti si ile ya kadi za posta. Ni wakati wa kusi, upepo unavuma, mwani umelala ufukweni marundo marundo, na watoto wa bara hulia kwa sababu maji yamepwa na hawaoni mahali pa kuogelea. Mke wa mwenyeji wetu aliwafundisha wetu kusubiri. Aliwaonyesha mstari wa takataka za jana mchangani, akawaambia maji yatafika hapo tena na kuupita, kwa kuwa siku za bamvua zinakaribia. Yakafika. Wanangu, ambao sasa wana mvi, bado wanamkumbuka yule mama kuliko wanavyoyakumbuka maji.

Mwenyeji na mkewe walitupa chumba chao, kitanda cha besera na neti yake, wao wakalala ukumbini kwenye mkeka. Nilipopinga, aliniambia, "Mwalimu, hii nyumba usiku wa leo si yangu." Nilidhani ni adabu za pwani. Nusu ya nyumba ile kwa kweli haikuwa yake: upande wa pili aliishi kaka yake mkubwa, na wawili hao hawakuwa wakisemezana kwa ajili ya mgao wa urithi wa marehemu baba yao. Sikujua. Nilichokiona ni sinia moja la wali wa nazi, changu wa kupaka katikati, na mzee mmoja mnyamavu aliyeletwa kukaa nasi, kwa kuwa ingekuwa aibu mgeni wa mbali ale katika nyumba hiyo bila mkubwa wa nyumba kuwepo. Yule mzee alichambua samaki kwa vidole vitatu, taratibu, akautoa mwiba mrefu, akasukuma mnofu wa shavu upande wangu. Kisha, kwa mazoea ya utotoni nadhani, akasukuma mnofu mwingine upande wa mdogo wake. Mdogo wake akaula. Hakuna aliyesema neno.

Mke wa mwenyeji wetu ndiye aliyekuja kutueleza, Desemba iliyofuata, walipotutembelea huku kwetu na kutetemeka kwa baridi ya asubuhi. Alisema hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ndugu hao kula pamoja tangu mazishi ya baba yao, na kwamba kesi ya nyumba haikufika kortini. "Shemeji, nyinyi hamkuleta kitu," alisema akicheka, "mlileta unga na kabichi." Ninaamini mama huyo ameifafanua methali yetu vizuri kuliko vitabu vyangu vya shule.

Wapo watakaosema ninapamba: methali ilizaliwa katika miji ya biashara, na wafanyabiashara hawakuwa watawa. Nakubali walikuwa wafanyabiashara. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Ghuba, na wenye vyombo hawakuweza kurudi mpaka upepo ugeuke kuwa kusi, kwa hiyo mgeni wa pwani alikuwa mtu wa kukaa miezi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita mwambao huu kutoka Mogadishu hadi Mombasa na Kilwa. Kuhusu Mogadishu ameeleza desturi ambayo ningependa kila meneja wa hoteli aisome. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara alilala kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akifanya naye biashara mwenyeji wake hayupo, mauziano hayo yalihesabiwa batili.

Sidai methali ilitoka hapo. Nasema tazama faida inavyopatikana. Mwenyeji yule alipata pesa, na bila shaka nyingi. Lakini alizipata kwa kusimama mbele ya mji mzima na kusema mtu huyu yuko juu yangu. Akidhulumiwa, nimedhulumiwa mimi. Faida ilipitia kwenye dhamana. Sisi tumeichukua faida, dhamana tumeiacha mlangoni, kisha tunajigamba kwamba tunafuata mila.

Ushahidi mwingine ni mchungu. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, na fujo zilizofuata ziliwalenga watu wa bara waliokuwa wameishi pwani kwa miaka. Watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbia, na watalii wakaacha kuja. Rafiki yangu wa Kisauni alipiga simu, na kwa mara ya kwanza hakupiga kunialika. Alipiga nisije. "Nyumba yetu inaumwa mwaka huu," alisema. Nilijiuliza kwa muda mrefu: kama mgeni ni dawa, mbona mgonjwa anaikataa? Sasa naona alikuwa akiitetea methali. Mwenyeji asiyeweza kumjibia mgeni wake hawezi kumwita. Aliona haya kusema njoo wakati hakuwa na dhamana ya kutoa, na haya hiyo ilikuwa uenyeji pekee uliobaki mikononi mwake.

Sasa rudi hotelini. Sisi tulikuwa kumi na wawili, vizazi vitatu. Tulipanda treni ya Syokimau asubuhi na saa za mchana tukawa Miritini, safari ambayo zamani ilimeza usiku mzima. Reli hiyo iliyofunguliwa 2017 naisifu bila kinyongo. Tukafungwa bangili za plastiki mkononi. Chakula kilikuwa kingi, watoto wakaogelea kwenye bwawa lililochimbwa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mpole kweli, mtu wa Kilifi. Nilimwomba aketi tunywe chai. Akatazama nyuma, akatabasamu, akasema, "Mzee, sisi hatukai na wageni." Simlaumu yeye wala mwajiri wake, ndiyo kanuni ya kazi. Lakini hebu itazame: anayekukaribisha haruhusiwi kuketi nawe, hali unachokula, halali ulipolala, na ukigombana na mtu getini si yeye atakayekujibia. Mwenyeji ni nani hapo? Hayupo. Kuna mapokezi. Na mahali pasipo na mwenyeji hapana mgeni, kuna mteja. Methali yetu haina la kusema juu ya wateja, na wanaoibandika pale wanaisumbua bure.

Nilipowauliza wajukuu njiani tukirudi wanitajie mtu mmoja wa Mombasa wanayemjua, walinitajia kasa.

Wala tusiwatupie mawe watu wa hoteli, kwa maana huku Membley tumejifunza ubaridi huohuo bila hata kulipwa. Mgeni wa siku hizi hupitia kwa askari, huandikwa kitabuni pamoja na nambari ya kitambulisho, kisha hupigiwa simu ili ithibitishwe kwamba anatarajiwa. Asiyetarajiwa hurudi alikotoka. Usalama ni jambo la maana, najua. Ila nimeona ndugu wa damu akisubiri juani getini kwa sababu mwenye nyumba alikuwa "kwenye mkutano" sebuleni kwake. Na akishaingia? Huulizia nywila ya intaneti, naye mwenyeji hushusha pumzi, kwa kuwa sasa hakuna anayelazimika kuongea. Ndugu wawili wasiosemezana wanaweza kukaa nyumba hiyo wiki nzima na mgeni asiharibu ugomvi wao hata kidogo.

Watu hunijibu kwa methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wakidhani wamenifunga mdomo: tazama, hata wahenga walimchoka mgeni. Wameielewa kombo. Anayefukuzwa hapewi jembe, hupewa nauli. Siku ya tatu kule Kisauni nilipewa kikapu, nikaambiwa niende Kongowea nikanunue nazi na mbaazi, na nisikubali bei ya kwanza. Niliibiwa mchana kweupe, nikachekwa jioni nzima, na tangu siku hiyo nikawa na haki ya kuingia jikoni. Bangili ya plastiki haikupi haki hiyo hata ukae mwezi.

Nilipomsomea mke wangu haya, aliniacha nimalize, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelijibu. "Wewe mzee, huyo mwenyeji anayepona ni yupi? Yule aliyekaa kwenye sinia, au yule aliyekuna nazi tangu alfajiri?" Akanikumbusha kwamba yule mama wa Kisauni alikaa kwenye mbuzi akikuna, mgongo umepinda, wakati sisi wanaume tukipatanishwa na samaki. Na Desemba zetu zote zenye wageni, yeye amezikumbuka kwa miguu iliyovimba. Wanawake wengi wa rika la binti yangu wanapenda hoteli kwa sababu hii moja: huko hakuna anayewaita jikoni. Sina la kuwabishia. Dhamana inayobebwa na mtu mmoja, sifa ikichukuliwa na mwingine, haiponyi nyumba. Inauhamisha ugonjwa kutoka ukumbini hadi jikoni.

Kwa hiyo tumekubaliana, baada ya mazungumzo ambayo kundi la WhatsApp lisingeyaweza. Rafiki yangu ametangulia mbele ya haki, lakini watoto wake wapo, na wajukuu zake wanakuja kwetu mwisho wa mwaka, safari yao ya kwanza kuja bara. Watalala kwenye vyumba vya watoto, watoto watalala sebuleni. Mke wangu amekwisha kuandika zamu na kuibandika kwenye friji: wana wangu wawili ni mboga na vyombo, wakwe ni soko, mabinti hawajaandikwa popote. Mimi nimepangiwa vitunguu siku zote nne, na kuamka saa kumi na moja kukanda mahamri, kazi ambayo sijawahi kuifanya na ambayo mjukuu mmoja wa Kisauni, nimeambiwa, atanisimamia.