Fungu Dogo na Deni la Ahadi

Mzazi aliyepungukiwa na kipato hana budi kupunguza matumizi ya nyumba yake, wala hakuna mwenye busara atakayemlaumu kwa hilo. Lakini majirani humtazama aanzie wapi. Akiiacha sahani yake imejaa na kuipunguza ya mtoto, watajua kwamba nyumba ile imepungukiwa utu kabla ya chakula. Mfano huu waihusu serikali pia, ila kwa tofauti moja kubwa: wananchi si watoto wa serikali, bali ndio wenye nyumba. Basi twapaswa kujiuliza: fedha zinapokuwa haba, je, ni haki kuanza kukata fungu la miradi ya vijiji na ya vijana, kwa kuwa tu ni fungu dogo na wenyewe hawana sauti?

Historia ya Tanzania yatupa mfano wa kutafakari. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu watu wazima 7 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wakulima, wavuvi na akina mama wenye watoto migongoni walikusanyika jioni kujifunza. Vitabu vyao viliunganisha herufi na kazi zao, kama vile kilimo cha pamba na uvuvi. Wengi wa walimu wao walikuwa watu wa kijiji kile kile, waliojitolea kwa posho ndogo. Ilipofika mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa takriban mtu 1 katika kila 10.

Hata hivyo, nchi ilikuwa imekwisha kuelemewa. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza fedha nyingi, na mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kubana matumizi. Fungu la kisomo likanyauka. Hapakuwa na siku ambayo kengele iligongwa ili wanakijiji waambiwe kwamba kisomo kimekwisha. Madarasa yalififia moja baada ya jingine, na baadaye idadi ya wasiojua kusoma ikapanda tena.

Kuwa maskini si dhambi, na serikali haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Lakini mradi wa kijiji haukujengwa kwa fedha za serikali peke yake. Asiye na shilingi alitoa siku yake, mwingine mchanga na mawe, mwingine imani yake. Fungu la serikali linapokatwa kimya kimya, na mchango huo mkubwa wa wananchi hupotea pamoja nalo. Kisha tukiwaambia wajitegemee, tunalipotosha neno hilo, maana wao walikwisha kujitegemea. Aliyeondoka ni mwenzi wao. Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni, wala hawakusema kwamba deni hilo hufutwa mdai akiwa mnyonge.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Mwezi Aprili mwaka 2023, serikali ilisimamisha mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria iliitenga hivi: wanawake asilimia 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Safari hii sababu zilitajwa hadharani, miongoni mwao mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Na mwaka 2024 mikopo ilirudishwa kwa utaratibu mpya. Kusimamisha kwa kueleza ni bora kuliko kunyausha kwa kunyamaza. Lakini tumfikirie kijana mwaminifu aliyekuwa akingoja mkopo wa cherehani: alilipa kwa miezi mingi ya maisha yake kosa asilolitenda.

Kwa hiyo basi, haki inadai mambo matatu. Anayekata na aanze na anasa za wakubwa kabla ya mahitaji ya wadogo. Aseme mapema, mbele ya wale wanaokatiwa, na kuwasikiliza. Kisha amalize kilichokwisha kuanzwa kwa jasho la watu kabla ya kuanza kipya. Nao vijana wana wajibu wao: anayekopa fedha za umma asizirejeshe amemkatia mwenzake fungu kwa mkono wake mwenyewe.

Walimu na wanafunzi wachunguze, kila mmoja mahali alipo, darasa lililofungwa au ukuta usioezekwa, na kuuliza: nani alitoa nini hapa, na nani alimweleza kwa nini kazi ilikoma? Deni la fedha huweza kusamehewa na mataifa. Deni la imani hulipwa na aliyelikopa, tena kwa wale wale waliomkopesha.