Haki ya Mtumishi wa Duka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu wenye maduka wa Dodoma! Mji wenu umekua tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na vijana wa Bahi, Kondoa na Mpwapwa huja kutumika madukani mwenu. Mchana kijana hubeba magunia ya mtama na alizeti hata mgongo ukamuuma. Mnunuzi akigombana naye kwa baki ya fedha humpiga kofi, na bwana wake hunyamaza asije akapoteza biashara. Na wako mabwana wampigao wenyewe. Usiku hulala dukani, na wevi wakija na mapanga, yeye ndiye wa kwanza kukatwa. Kukipambazuka, huulizwa kwanza khabari ya mali iliyopotea, kisha hukatwa mshahara wake. Je, hiyo ndiyo haki?

Jueni ya kuwa sahaba Abu Masud alikuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake asiitambue kwa ghadhabu. Alipogeuka alimwona Mtume (S.A.W.), akimkumbusha kwamba uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa kuliko uwezo wake juu ya mtumwa yule. Papo hapo akamwacha huru, akaambiwa kuwa lau asingalifanya hivyo, Moto ungalimgusa. Ikiwa ni hivyo kwa mtumwa, itakuwaje kwa mwana wa watu aliyekuja kwako kwa ujira?

Na sheria ya nchi ya mwaka 2003 yamlazimu mwajiri kulinda usalama wa mtumishi kazini. Na ile ya mwaka 2008 imeweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri, wala haukatwi katika mshahara. Asiyeutoa amemdhulumu mtumishi wake hata kabla hajaumia.

Basi kijana asilale dukani peke yake. Gunia zito libebwe na wawili. Mnunuzi apigaye atolewe, ajapokuwa tajiri. Na aliyeumia apelekwe hospitali kabla mali haijahesabiwa. Kwani mali hurudi, na mkono uliokatwa haurudi.

Ewe mwenye duka, mizani yako waijua. Iko Mizani nyingine, na siku hiyo machozi ya mtumishi wako yatapimwa humo. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu. Amin.