Riwaya ya Lazima na Dhamiri ya Msomaji

Katika shule nyingi za sekondari za Marekani, mwanafunzi haanzi likizo ndefu ya kiangazi kabla ya kukabidhiwa orodha ya riwaya za kusoma, zikiwemo za kale zinazohesabiwa kuwa kazi bora, ambazo huenda akatakiwa kuziandikia insha masomo yatakapofunguliwa. Desturi hiyo huibua swali ambalo ni la dini na falsafa kabla halijawa la ualimu: je, usomaji wa kuamrishwa unaweza kuifikia dhamiri, yaani ile sauti ya ndani inayomhukumu mtu kwa matendo yake mwenyewe, au huishia kwenye daftari?

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliligusa swali hilo katika Maungamo yake, ambamo anakumbuka jinsi alivyolazimishwa utotoni kukariri safari za Aeneas katika utenzi wa Virgil, akamlilia malkia Dido aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, ilhali nafsi yake mwenyewe, iliyokuwa ikifa mbali na Mungu, haikumtoa hata chozi. Huruma kwa mtu wa kubuniwa ni rahisi, kwa kuwa Dido hana la kumdai msomaji wake. Augustino huyohuyo anasimulia kwamba Kigiriki, alichofundishwa kwa vitisho na adhabu, hakikumwingia, wakati Kilatini alikiokota akibembelezwa na walezi wake. Akaona kwamba udadisi ulio huru hufundisha kuliko woga, ingawa hapohapo anakiri kuwa sheria ya Mungu huuwekea udadisi huo mipaka kwa uchungu unaoponya.

Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky, iliyotoka kwa mafungu katika jarida moja la Moscow mwaka 1866, ina tukio la usomaji wa lazima ndani yake. Raskolnikov, mwanafunzi aliyeacha chuo kwa ufukara, amemuua kwa shoka bibi kizee aliyekopesha fedha kwa rehani, kisha akamuua pia Lizaveta, ndugu wa bibi huyo, aliyeingia bila kutarajiwa. Anapofika chumbani kwa Sonya, binti aliyejitia katika ukahaba ili jamaa zake wapate kula, anaona Agano Jipya kuukuu na kumwamuru amsomee kisa cha Lazaro katika Injili ya Yohana. Sonya anasita, sauti inamkatika katika maneno ya mwanzo, na kipande cha mshumaa kinakaribia kwisha. Kitabu chenyewe aliletewa na Lizaveta. Usomaji unapomalizika, hakuna aliyefufuka chumbani humo, na muuaji hajaungama bado.

Mwalimu anayetaka insha wiki ya kwanza ya muhula, yenye aya moja juu ya funzo alilolipata mwanafunzi, anaidai riwaya hii tunda ambalo yenyewe inakataa kulitoa upesi. (Afrika Mashariki nayo ina namna yake ya haraka hiyo, maana kitabu teule husomwa mara nyingi kupitia mwongozo, unaomtajia mwanafunzi dhamira kabla hajamjua mhusika.) Hata hivyo, kosa haliko katika lazima yenyewe. Mwaka 1850, akipelekwa gereza la Omsk, Dostoevsky alipewa Agano Jipya na wake wa wafungwa wa kisiasa waliotangulia kupelekwa Siberia, nacho ndicho kitabu pekee kilichoruhusiwa gerezani kwa miaka minne. Hakuwa na cha kuchagua, lakini pia hapakuwa na mtu wa kumhoji amepata nini.

Hilo la pili ndilo zito zaidi, na hitimisho la riwaya linalionyesha waziwazi. Raskolnikov, akiwa mfungwa Siberia, alitazamia kwamba Sonya aliyemfuata huko angemchosha kwa mambo ya dini na kumsukumia vitabu, lakini binti huyo hakugusia Injili hata mara moja, mpaka yeye mwenyewe alipomwomba, muda mfupi kabla ya kuugua, naye akamletea kimya kimya. Jioni ya siku ambayo moyo wake umegeuka, kitabu hicho, kilekile cha Lazaro, kimo chini ya mto wake wa kulalia, na tangu alipoletewa hajakifungua. Anakitoa pasipo kufikiri, anakishika mkononi, na hata wakati huo hakifungui.