Moto Tuliouwasha, Mvua Tunayoiomba

Somo: Kutoka 22:6, Yoeli 1:19–20



Kila vuli inapochelewa, sisi Wakristo wa Morogoro twafanya jambo jema: twapiga magoti na kuomba mvua. Ni desturi ya Kanisa letu tangu zamani. Kitabu cha Sala cha Kiingereza cha mwaka 1662 kina sala yake ya kuomba mvua, maana wazee wale nao waliijua njaa. Sina neno juu ya sala hiyo, ila kuisema kwa bidii zaidi. Lakini leo nataka tuitazame mikono ile tunayoikunja wakati wa kuomba. Nami nitaanza na yangu.

Tusome kwanza sheria fupi katika Kutoka sura ya 22, mstari wa 6. Musa anasema habari za mtu aliyewasha moto, ukashika miiba, ukala nafaka ya jirani. Mtu huyo hana budi kulipa. Angalieni vizuri: Musa haulizi kama alikusudia, wala haulizi kama upepo uligeuka ghafula. Huenda mtu yule alikuwa akisafisha shamba lake tu, kama tufanyavyo sisi mwezi wa Septemba. Hata hivyo moto ni wake, na hasara ni yake kuilipa.

Kisha tumsome nabii Yoeli, sura ya 1, mstari wa 19 na wa 20. Anamlilia Mungu kwa sababu moto umekula malisho na miti, na vijito vimekauka, hata wanyama wa porini wanamtazamia Mungu. Yoeli anayataja mambo mawili pamoja, moto na ukavu wa vijito. Mtu wa Uluguru hahitaji mfasiri hapo.

Sisi tunaokaa chini ya mlima huu twajua maji yetu yanatoka wapi. Mto Morogoro unashuka kutoka juu na kupita katikati ya mji wetu. Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 katika mto Ngerengere, linawanywesha wakazi wengi wa manispaa. Mto Ruvu nao unazaliwa Uluguru, ukaenda mpaka Pwani na Dar es Salaam. Mvua zilipopungua mwaka 2022, maji ya Ruvu yalishuka sana, na mwezi wa Oktoba mwaka ule Dar es Salaam iliingia katika mgao wa maji. Watu wa ghorofani walibeba ndoo kama watu wa kijijini.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la tano niliwaambia watoto hivi: mvua ni mshahara, na msitu ni kibubu. Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani huipunguzia nguvu, na takataka za majani yaliyooza huinywa kama sifongo. Maji huingia ardhini polepole, yakatoka polepole katika chemchemi, hata miezi ambayo hakuna mvua. Ukungu nao hunaswa na miti ya juu, ukadondoka chini. Lakini mteremko ulioungua hauna kibubu. Mvua ikija inateleza juu ya udongo mtupu, inauchukua udongo huo mpaka mtoni na kuujaza bwawani. Leo mafuriko, baada ya miezi miwili kiu. Mvua ni ile ile, ila mahali pa kuiweka tumepachoma.

Hayo niliyafundisha vizuri, na watoto walifaulu. Sasa nisikilizeni nilivyofanya mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si zamani, katika shule moja ya msingi chini ya mlima. Nilisimamia shamba la shule, maana zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea. Mwezi wa Septemba tulifyeka majani. Siku moja, saa saba za mchana, jua kali, nikawaamuru wanafunzi wachome. Sikulima njia ya kuzuia moto. Sikumwambia jirani hata mmoja. Nilikuwa na haraka, kwa kuwa nilitaka kuwahi basi la kwenda mjini.

Upepo ukainuka. Moto ukaruka bonde, ukapanda ukingo kama unaitwa. Uliteketeza migomba ya bibi mmoja mjane, na kichaka cha mianzi na mikuyu kilichofunika chemchemi ambayo nyumba kadhaa ziliitegemea. Uliwaka mpaka usiku.

Siku ya mkutano wa kijiji watu waliulizana: nani amewasha? Mtu mmoja akasema warina asali ndio wenye kutembea na moto porini. Macho yote yakamgeukia mrina asali mmoja, maskini, asiye na wa kumtetea. Aliapa kwamba siye. Wakamtoza mbuzi. Mimi nilikuwa nimekaa katika kiti, maana mwalimu alipewa kiti, nikanyamaza. Wanafunzi wangu walijua. Nao walinyamaza, kwa kuwa waliniogopa. Basi siku ile niliwafundisha somo ambalo halimo katika muhtasari wowote wa wizara.

Ndugu zangu, nilinyamaza zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo nilisoma masomo kanisani, nilikuwa mzee wa kanisa, nilishika sahani ya sadaka. Ndipo ikaja vuli ile ya mwaka 2022 iliyokawia. Tulipiga magoti kuomba mvua, nami nikashindwa kusema amina. Niliiona chemchemi ile.

Wiki iliyofuata nilipanda. Bibi alikwisha kufariki. Shamba sasa lilikuwa mikononi mwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru kufuata ukoo wa mama. Aliniambia kwamba chemchemi hutoka wakati wa masika tu, na miezi ya kiangazi watoto hushuka mpaka mtoni na ndoo kabla ya kwenda shule. Yeye alidhani imekuwa hivyo siku zote. Nilimweleza. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Babu, kwa hiyo bibi alikuwa anasema kweli kwamba maji yalikuwapo."

Kisha nikamtafuta mrina asali. Ni mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, moto ule niliuwasha mimi." Alikaa kimya. Halafu akajibu, "Mwalimu, mbuzi nilikwisha kumsahau. Nisichosahau ni kwamba watoto wangu walizomewa njiani." Nililipa mbuzi, na juu yake nikaongeza. Lakini kuzomewa kwa watoto nitakulipa kwa nini? Niliomba nafasi katika mkutano wa kijiji, nikasimama mahali pale pale nilipokaa kwenye kiti, nikasema yote mbele ya watu. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wangu.

Sisemi haya ili nisifiwe. Aliyekawia kulipa deni miaka thelathini hasifiwi. Nasema kwa sababu naona Kanisa likiomba mvua kila mwaka, na kila mwaka moshi unapanda Uluguru.

Na tusikosee hapa. Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 5:45 kwamba Baba wa mbinguni huwapa mvua wenye haki na wasio haki. Kwa hiyo hatununui mvua kwa toba, wala ukame si ushahidi kwamba jirani yako ni mwovu. Wako watu ambao mvua ikikosekana humtafuta bibi kizee wa kumsingizia kwamba ameifunga. Hiyo ni dhambi, na ni ndugu yake kosa lile la mkutano wetu. Ukame huu umezikumba nchi nyingi: Kenya, Somalia na Ethiopia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2022. Hakuna kijiji kilichouleta peke yake. Mvua ni ya Mungu. Ila kiberiti ni chetu, na juu ya kiberiti ndipo tutakapoulizwa.

Wengine watasema: hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Lakini wazee wetu wanakumbuka mwaka 1955, Waluguru walipokataa matuta ya ngazi yaliyoamriwa na wakoloni, hata mpango wote ukaanguka. Mlima huu hautunzwi kwa amri peke yake. Hutunzwa na mtu ambaye hakuna anayemwona, saa saba za mchana, na kiberiti mkononi.

Basi tufanye nini? Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kusema ninasikitika. Alifungua mfuko. Nasi tufanye hivi. Kwanza, aliyewasha moto aseme, asiache mwingine atozwe mbuzi. Pili, asiye na lazima ya kuchoma asichome. Majani yaliyofyekwa yakiachwa juu ya udongo hulinda unyevu. Tatu, mwenye lazima aupate ruhusa ya kijiji, awaambie majirani, alime ukanda mtupu kuzunguka shamba, achome jioni upepo ukitulia, wala asiondoke mpaka jivu limepoa. Basi la mjini litamngoja, au litamwacha, afadhali limwache. Nne, kila mtaa wa kanisa uchague chemchemi moja na kuipandia miti ya asili kama mikuyu, si mikaratusi inywayo maji mengi.

Mjukuu wa bibi na mimi tulipanda miche arobaini kuzunguka ile chemchemi. Kumi na mmoja imekufa. Iliyobaki imenifika kifuani. Kiangazi kilichopita maji hayakutoka, ila udongo chini ya mawe ulikuwa na unyevu, na mjukuu alinitumia mtoto kuja kuniambia. Huenda sitayaona maji yakitiririka mwezi wa Septemba. Nimekubali. Deni la miaka thelathini halilipwi kwa msimu mmoja.

Jumapili tutakapopiga magoti tena kuomba mvua, ndugu yangu, kabla hujasema amina, jiulize moto wako uko wapi, na ni nani aliyeulipia. Kisha omba kwa moyo wote, maana Mungu wetu husikia.

Ee Bwana, utupe mvua kwa wakati wake, na utupe mioyo ya kuitunza. Utusamehe moto tuliouwasha, na utupe ujasiri wa kulipa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.