Ushahidi kwa Ajili ya Mgonjwa: Nani Amwandikie Mwombaji wa Udaktari

Katika Kambove, mji wa shaba na kobalti nchini Kongo uliokuzwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga na kurithiwa na kampuni ya serikali ya Gécamines baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, kijana anayetaka kusomea udaktari Lubumbashi hutegemea zaidi asilimia aliyoipata katika Mtihani wa Taifa. Lakini anapoomba ufadhili, au nafasi katika chuo cha ng'ambo, huweza kutakiwa alete barua ya mapendekezo, yaani maandishi ambamo mtu mwingine hushuhudia uwezo na tabia yake. Hapo jamaa huanza kuulizana ni mkubwa gani aombwe, mhandisi, mbunge au mchungaji, kana kwamba barua ni hisani baina ya watu wawili, ilhali yupo wa tatu asiyekuwapo barazani, naye ni mgonjwa atakayeukabidhi mwili wake kwa daktari huyo.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliita upendeleo ile dhambi ya kumpa mtu jambo kwa kumtazama yeye ni nani, pasipo kutazama sababu inayomfanya alistahili, akaeleza kuwa kumpa mtu ualimu kwa ajili ya elimu yake ni haki, bali kumpa cheo kwa utajiri au undugu si haki. Anayetafuta sahihi ya mkubwa asiyemjua huialika kamati inayochagua waombaji itende dhambi hiyo hiyo.

Kipimo kilicho wazi zaidi kimo katika mapokeo ya Kiislamu. Inasimuliwa kwamba khalifa Umar ibn al-Khattab alimuuliza mtu aliyejitokeza kumdhamini mwenzake kama amewahi kuwa jirani yake wa karibu, kama wamewahi kushughulika pamoja katika mambo ya fedha, na kama wamesafiri pamoja. Alipojibu hapana mara zote, Umar akamwambia kuwa hamjui mwenzake huyo. Kwa kipimo hicho, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, aliyemwona mwombaji siku ya kupima watoto akiwatundika mmoja mmoja kwenye mizani na kuandika kila uzani bila kubahatisha, ijapokuwa foleni ya akina mama ilikuwa imefika nje juani, kisha akamwona akirudi mwenyewe kuungama kwamba amekosea safu moja ya daftari, anajua jambo ambalo mbunge hawezi kulijua.

Pingamizi lipo, nalo ni zito: kamati ya mbali haimfahamu muuguzi huyo, na vyuo vingi vya tiba vya Marekani hutaka barua za walimu wa sayansi. Basi na atafutwe mwalimu wa kemia aliyesahihisha kazi za kijana huyo mwaka baada ya mwaka, na barua ya muuguzi iambatane na yake pale inaporuhusiwa. Hata Mtume Paulo, alipomtambulisha Fibi kwa Warumi, alitaja utumishi wake katika kanisa la Kenkrea na kwamba aliwasaidia wengi, Paulo mwenyewe akiwamo; yaani, alishuhudia alichokijua. Asiyekuwa na cha kushuhudia anapaswa kukataa kuandika na kueleza sababu, jambo gumu sana katika mji ambamo mwombaji, wazazi wake na mwenye kuombwa hukutana kila Jumapili katika ibada moja.