Haba na Haba, Bandu Bandu

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ni nadra kuzikutanisha. Haba na haba hujaza kibaba; bandu bandu huisha gogo. Ya kwanza huitaja kila mwalimu anayemhimiza mwanafunzi wa lugha ya kigeni: leo neno moja, kesho jingine, na mwaka ukiisha utakuwa na akiba. Ya pili hatuitaji, kwa kuwa inatutia hofu. Walakini mkono ujazao kibaba na mkono ubanduao gogo hufanya kazi kwa mwendo uleule, kidogo kidogo, kila siku. Basi nauliza: mtu ajifunzaye lugha ya wenyewe kwa mazoea madogo ya kila siku, anajaza nini, na anabandua nini?

Naandika haya Igowole, wilayani Mufindi, katika nyanda za juu za Iringa. Msomaji wa visiwani, aliyekinyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama, yumkini hajapata kufikiri kwamba kwetu Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kigeni. Sisi wa rika langu tulianza na Kihehe. Kiswahili tulikikuta darasani. Sauti zinazoanza maneno dhahabu na thamani hatukuzaliwa nazo. Mtu wa bara husema samani akikusudia thamani, na wa pwani akadhani anauziwa kabati. Ulimi wangu niliuzoesha kwa kusoma ubeti mmoja kwa sauti kila alfajiri kabla ya kwenda shambani, na kwa mlango huohuo nikakiingia Kiingereza, nikiwa na elimu ya darasa la saba tu.

Mazoea haya husifiwa aghalabu kwa kuisaidia kumbukumbu. Mimi nayaona kwanza kuwa ni jambo la adabu. Lugha ya kigeni humtaka mtu mzima akubali kuwa mtoto mbele ya watu. Shuleni kwetu aibu hiyo huja kwa mkupuo: kijana aliyesomeshwa miaka 7 kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta hisabati na biolojia zinafundishwa kwa Kiingereza, akanyamaza. Aibu kubwa hufunga kinywa. Aibu ndogo, ya robo saa kwa siku, huzoeleka, na aliyeizoea hupata sikio la kusikiliza. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 akiwa padri na msomi, akakubali kufundishwa na wasimulizi wa mji. Hadithi alizozisikia kwao zilichapwa London mwaka 1870. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Alikuwa rais wa nchi. Hakuna aliyemdai tafsiri ya pili.

Hata hivyo, mfano wa kibaba unatupoteza. Kibaba kikijaa kimejaa. Lugha, kwa watu wa huku, inafanana zaidi na mchai. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, akapita, akarejea kichaka kilekile baada ya siku chache. Ukiuacha mchai bila ya kuuchuma hauishi tu kwa kutokutoa chai nzuri. Hurefuka ukawa mti, na mkono haufiki tena. Nimewaona watu waliosoma Kiingereza hadi vyuoni ambao leo wanakitazama kwa chini namna hiyo.

Sasa lile gogo. Kusahau nako ni mazoea ya kila siku. Kijana wa Igowole ajifunzaye neno moja la Kiingereza asubuhi, na jioni akaacha kulitumia moja la Kihehe, hakuongeza kitu. Amebadilisha tu, na hakuulizwa bei. Wako wasemao kwamba hilo ndilo gharama ya maendeleo. Sikubaliani nao, maana anayelipa si yule anayejifunza. Analipa bibi yake, ambaye kila mwaka ana watu wachache zaidi wa kuzungumza nao.

Kwa hiyo mazoea ninayoyaona kuwa ya haki ni yale yanayolirudisha neno la kigeni nyumbani siku ileile. Chukua neno la Kiingereza frost. Kamusi zitakupa jalidi, au sakitu. Mshairi wa pwani aweza kulipanga katika vina bila ya kuwahi kukiona kitu chenyewe. Huku, asubuhi za Juni na Julai, hulala mabondeni ikaunguza chai na mboga. Kijana aliyelipata neno hilo kitabuni alfajiri na akae jikoni jioni amuulize bibi wazee walikiitaje kitu hicho, na walikisomaje katika msimu. Bibi atacheka kwanza, maana ni siku nyingi hajaulizwa neno. Kisha atajibu, na huenda naye akataka kujua hilo la Kizungu linatamkwaje.