Nyumba ya Bwana na Haki ya Walioijenga

Yapasa tujiulize: mwenye kuwaonyesha wageni nyumba ya kale, je, ni mwuza tamasha au ni shahidi? Sisi twaona ni shahidi. Na shahidi afichaye nusu ya ayajuayo amedhulumu, ijapokuwa nusu aliyoisema ni kweli tupu.

Natutazame Monticello, katika jimbo la Virginia, Marekani, nyumba ya Thomas Jefferson. Bwana huyu aliandika mwaka wa 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Na katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Alifariki mwaka wa 1826 akiwa na deni kubwa, na Januari 1827 watu wake wakapigwa mnada pamoja na mifugo na vyombo. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa vitabu na kitanda cha bwana. Waliofyatua matofali ya kuta wakaitwa "watumishi", kana kwamba walilipwa mshahara na waliweza kwenda zao. Ni tangu mwaka wa 1993 ndipo zilipoanzishwa ziara za kueleza utumwa wenyewe. Na mwaka wa 2018 kikafunguliwa chumba cha habari za Sally Hemings, mtumwa aliyemzalia Jefferson watoto.

Wako wasemao: mgeni amekuja kustarehe, mbona mwamtia huzuni na kuwasema maiti? Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani kumsitiri maiti ni jambo jema. Lakini mtumwa naye ni maiti. Amsitiriye bwana kwa kumfuta mtumwa hakusitiri. Amemchagua maiti mmoja akamdhulumu mwenziwe. Wala kusema kweli si kumtukana Jefferson: twampima kwa maneno yake mwenyewe.

Na sisi watu wa pwani tusiyacheke ya Marekani. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja husifiwa kwa vidaka na milango ya nakshi, na kazi nyingi za nyumba hizo zilifanywa na watumwa, mpaka sheria ilipoukomesha utumwa, Unguja mwaka wa 1897 na pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Basi atakayeulizwa na mgeni, au na mwanawe, ni nani aliyekuwa akiteka maji kisimani, asijibu "watu wa nyumbani". Aseme "watumwa", na akiyajua majina yao ayataje. Neno hilo halibomoi ukuta. Lamrudishia haki yake aliyeujenga.